Rangi Haipandi

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule, Sisimizi alimfuata shangazi yake mchoraji kwenye jumba la makumbusho. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuwa na haraka, lakini alifika. Yeye alibeba brashi na rangi. Shangazi alibeba mbao za miguu mitatu za kuegemezea picha.

Ukutani kulikuwa na sura ya mwanamke mzee, dobi, aliyechorwa kwa rangi ya mafuta na fundi mmoja miaka mia tatu iliyopita. Siku ya kwanza Sisimizi nusura amwamkie.

"Mwige huyu," shangazi alimwambia. "Usiongeze, usipunguze. Ukiweza, nitakukalisha mbele ya bibi yako umchore."

Bibi aliingoja siku hiyo kuliko yeye. "Jitahidi, mjukuu wangu," alisema, "nichorwe nikiwa bado na meno mawili."

Jumamosi ya tano nakala ya Sisimizi ilikaribia kwisha. Jambo moja tu lilimkera Sisimizi: jicho la kushoto la dobi lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Bila shaka fundi alipitiwa. Shangazi alipokwenda kunawa mikono, Sisimizi alichovya brashi, akalipandisha jicho kwenye nakala yake hadi likalingana na mwenzake.

Papo hapo dobi wake akafa. Rangi zilikuwa zile zile, makunyanzi yale yale, lakini sasa alikaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Shangazi aliporudi aliiinamia nakala. "Jicho hili limekuwaje?"

"Rangi imeteleza yenyewe, shangazi. Bado mbichi."

"Rangi hushuka, mwanangu. Haipandi."

Sisimizi akatazama viatu vyake. Akikiri, huenda asimchore bibi tena. "Ni mimi," alisema mwishowe. "Nilidhani fundi amekosea, nikamsahihishia."

Shangazi akaguna, nusu kicheko. "Umemsahihishia fundi. Haya, mwalimu, njoo huku." Akamsogeza karibu na ukuta. "Kona ya mdomo, upande ule ule, unaionaje? Na bega? Na sikio?"

Sisimizi alitazama kwa muda mrefu. Kona ya mdomo ilikuwa chini. Bega pia. Kilemba kilikuwa kimesogezwa, sikio likabaki wazi.

"Ameinamisha kichwa," alinong'ona. "Anamsikiliza mtu."

"Nani?"

"Aliyekuwa anamchora."

Fundi alikufa zamani, hata kaburi lake hakuna alijuaye, na yule mama alikuwa bado anamsikiliza. Sisimizi alijikuta anapumua taratibu, asije akawakatiza.

Alilikwangua jicho kwa kisu butu cha rangi, akapangusa kwa kitambaa, kisha akalirudisha chini, unywele kwa unywele. Jua lilipofika dirisha la mwisho, dobi wake naye alikuwa ameanza kusikiliza.

Shangazi alirudi nyuma hatua tatu. Akamtazama dobi huyu, akamtazama yule wa ukutani. "Mwambie bibi yako akae tayari Jumamosi ijayo."

"Hata baada ya kukudanganya?"

"Umepata kulikwangua jicho kwa sababu ulisema kweli rangi ingali mbichi. Kosa linalofichwa hukauka, likabaki hapo hapo. Na siku nyingine ukikuta usichokielewa, tanguliza swali. Brashi itafuata."