Mkate Uliokosa Chumvi

Sogeeni, wajukuu zangu. Jikunyateni hapa karibu na magoti yangu, na wewe unayetafuna, meza au tema. Hadithi hii haipendi kelele. Nikinyamaza katikati, nanyi nyamazeni zaidi, msiniulize "halafu?". Huenda nitakuwa nasikiliza kitu.

Mama yangu alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake la matofali lilikuwa nyuma ya nyumba, na siku ya kuamkia Krismasi mtaa mzima ulihamia kwake. Mtaa wetu ulikuwa wa watu waliotoka pande zote za dunia, kila mmoja akaja na donge lake la unga lichomwe. Wa huyu umesukwa kama nywele. Wa yule umejazwa zabibu na maganda ya machungwa. Mwingine amelificha harage ndani, na atakayelitafuna ndiye mfalme wa siku. Wakingoja, walisimuliana ya kwao. Fundi cherehani alisema kwao usiku huo ng'ombe huongea kama watu, na anayewasikiliza haoni Krismasi nyingine. Mjane wa kona akasema kwao meza haiondolewi vyombo, ili wafu waje kula makombo.

"Wafu wa kwenu wana njaa," Mama akamtania. "Wa kwetu wana adabu."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sahani ya asiyekuwepo. Kama asiyekuwepo ni hai, yuko safarini, sahani inatazama juu na inawekwa kipande cha mkate, ili popote alipo tumbo lake lijue kwao. Kama amekufa, sahani inafunikwa kifudifudi, hakiwekwi kitu, anaombewa na basi. Na mkate wa meza hiyo haukukosa chumvi hata siku moja. "Chumvi ni ya wenye damu," Mama alizoea kusema. "Aliyekufa haigusi."

Sasa mwaka huo asiyekuwepo alikuwa kaka yangu.

Alikwenda kuchimba madini mbali. Waliorudi walisema handaki liliporomoka. Waliotoka walitoka, waliobaki walibaki, yeye hakuna aliyemwona. Maiti haikuja. Barua haikuja. Mkewe, wifi yangu, alibaki na binti yao mdogo ambaye hata jino la kwanza lilikuwa halijang'oka. Tulimwita Kinda. Ndiye huyo huyo mnayemwita Shangazi, mnayemkimbia kwa ukali wake.

Mama alitaka sahani ifunikwe.

"Mama, umeiona maiti?" Wifi akamuuliza.

"Sijaiona."

"Basi usinizikie mume."

Mama alipangusa mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Haya. Itazame juu. Wewe ndiye mkewe."

Wifi akasema mkate wa meza ataukanda mwenyewe, kwa mikono yake. Akaukanda. Lakini kila akichota chumvi, lori linapita barabarani, anaiacha na kukimbilia mlangoni. Si yeye. Anarudi. Lori jingine. Anakimbia tena. Moyo wenye tumaini hauna kumbukumbu, wajukuu zangu. Unga ule uliumuka upesi mno. Ukalegea, ukamnata vidoleni kama kitu chenye kiu. Mama angeugusa mara moja tu angejua, lakini Mama alikuwa tanurini na mikate ya watu.

Jua lilipoanza kuzama nikatumwa kumpelekea fundi cherehani mkate wake. Kazi ndogo, ya kwenda na kurudi. Nilikwenda nikicheza. Niliporudi, uchochoro ulikuwa umeshaingia giza, ingawa juu ya mapaa bado kulikuwa na wekundu.

Nikasikia harufu.

Udongo. Si ule wa mvua, mzuri. Udongo wa chini kabisa, usiowahi kuona jua...

Kwenye ngazi ya duka lililofungwa alikuwa ameketi mtu. Kofia imeshuka hadi puani. Viatu vya kazi, vizito, vimetota maji, na siku hiyo mvua haikunyesha.

"Binti," akasema. Sauti kavu, kama amejaza vumbi mdomoni. "Mkate wa leo umetiwa chumvi?"

"Mikate ya Mama haikosi chumvi," nikajibu. Adabu ilinitoka yenyewe.

Akatikisa kichwa polepole.

"Mmoja umekosa."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka taa imewashwa, meza imetandikwa, Wifi amevaa gauni lake jema, Kinda anachezea kijiko. Kwenye sahani ya kaka yangu kulikuwa na kipande kikubwa cha mkate. Ganda lake jeupe, limepauka, kama uso wa mgonjwa.

Nikamnong'oneza Mama. Hakuniuliza mtu gani. Alimega mkate uliobaki mezani, akauweka ulimini... akasimama hapo hapo, hatafuni.

"Mwanangu," akamwambia Wifi, chini chini. "Chumvi iko wapi?"

Wifi akafungua mdomo. Akauziba kwa kiganja.

"Umefanya nini? Umemwekea sahani ya aliye hai, na chakula cha aliyekufa. Umeacha mlango wazi. Lete hiyo sahani. Haraka, kabla haja..."

"Hodi."

Kinda akaacha kuchezea kijiko.

"Hodi wenyewe."

Ilikuwa sauti ya kaka yangu. Safari hii haikuwa na vumbi hata kidogo.

Mama aliinua mkono kumzuia Wifi. Alichelewa.

"Karibu!" Wifi akalia. "Karibu, karibu mume wangu!"

Akaingia. Ndiye, na siye. Kimo chake, kovu lake la kidevuni, mwendo wake wa kuburuta mguu. Mwali wa taa ukanywea. Wifi alimwendea mikono imetandazwa, akafika karibu, akasita, mikono ikabaki hewani. Nadhani naye aliisikia ile harufu.

Akaketi penye sahani. Akala. Alikula kipande chote bila kumeza, sijui niseme vipi. Kiliingia tu, na chembe zilizoanguka mezani zilikuwa changarawe.

"Baba," Kinda akasema. Amemsogelea, amemshika mkono. "Mbona una baridi?"

"Huko kuna baridi."

"Huko wapi?"

"Chini."

Akasukuma sahani. Akatutazama mmoja mmoja, na hakupepesa.

"Nimeshiba. Mgeni akishiba husindikizwa. Kinda, nisindikize mpaka kona."

"Nitakusindikiza mimi," Wifi akasema. "Mimi ndiye niliyekuita. Mwache mtoto, nichukue mimi."

"Hutapita. Njia ni nyembamba. Nataka aliye mdogo."

Akainuka. Hakuuachia mkono wa mtoto. Wifi akamng'ang'ania Kinda kiunoni, mimi nikamshika Wifi, tukavuta. Ilikuwa kama kuvuta mzizi. Tuliburuzwa wote, polepole, kuelekea mlangoni. Yeye wala hakuonyesha kwamba anavuta.

Ndipo Mama alipochota gao la chumvi chunguni, akambana Kinda mashavu, akamjaza mdomoni. Mtoto akakohoa, akalia. Kaka yangu akauachia ule mkono kama aliyeshika kaa la moto.

Lakini hakuondoka.

Alisimama kizingitini akingoja. "Nisindikizeni," akasema. Na hapo, Mungu nisamehe, sauti yake ilikuwa ile ya utotoni, alipokuwa akiogopa kwenda uani peke yake.

Mama aliisikia. Niliuona uso wake ukilegea. Akakaa, akauchukua ule mkate mweupe, akaanza kuula. Tonge kwa tonge. Bila chumvi.

"Mama, acha!" nikamwambia. "Mfukuze!"

"Aliyeitwa hafukuzwi." Alimeza kwa shida. "Husindikizwa. Na huyu hataondoka na mkono mtupu."

"Njia ni nyembamba," kaka yangu akasema tena.

Mama akasimama, akajifunga vizuri aproni yake.

"Njia nyembamba unaniambia mimi? Ya kwanza uliyopita duniani ulipita kwangu. Tulipita, hatukupita? Twende, mwanangu. Hii pia tutapita."

Mlangoni aligeuka, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ananiagiza kufunika maji: "Tukishatoka, ifunike hiyo sahani. Usichungulie."

Nikaifunika. Sikuchungulia. Nilisikia viatu vizito, na pembeni yake ndara za Mama, pa, pa, pa, mpaka karibu na kona.

Kisha viatu vikaendelea peke yake.

Kisha kimya.

Asubuhi watu wa mtaa walikuja kutakiana heri, wamebeba mikate yao iliyosukwa. Walizikuta ndara kwenye kona, zimepangwa sawasawa kama nje ya mlango wa chumba cha kulala. Ndani yake kulikuwa na udongo mwekundu uliolowa. Mtaa wetu hauna udongo mwekundu. Walimtafuta visimani, walimtafuta mitaroni. Hakuonekana.

Baada ya miaka, handaki lile lilichimbuliwa upya. Mchimbaji mmoja alipita kwetu, akasema walimkuta kaka yangu kwenye pengo ambalo mtu mzima haingii. Akasema kichwa chake kilikuwa kimelazwa juu ya kitambaa, na kitambaa kilikuwa na unga. Mimi sikuona. Nasema nilichoambiwa.

Wifi alirithi tanuri na lile koleo refu la kuingizia mikate. Alioka mpaka uzeeni, na hakuna donge lililoingia motoni kabla hajalionja bichi. Malori hakuyatazama tena.

Kinda alirithi chungu cha chumvi. Shangazi yenu huyo mnayemcheka kwa kutia chumvi hata kwenye chai, mwacheni. Alirithi pia mkono wa kushoto usiopata joto. Mgongo wake akiuelekeza tanurini utatoka jasho, mkono ule utabaki vile vile. Mguseni kesho mkimwamkia. Mtaniambia.

Na mimi nilirithi sahani. Ndiyo ile pale mwisho wa meza, imefunikwa. Tangu siku ile haijatazama juu. Lakini Krismasi ikikaribia, nikiisogelea kupangusa vumbi, nasikia kama kitu kinaigonga kutoka chini yake. Taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayepangusa unga mikononi.

Nikifa, itakuwa yenu. Msiifunue. Hata kama atakayeomba ni mimi.