Kanga Iliyofutwa Jina

Mimi nikianza hadithi ya mauaji, muuaji namjua kabla maiti haijapoa. Si kwamba nina akili. Mwandishi ni mimi. Na hata hivyo, mara ya kwanza nilimfunga asiyehusika, ikabidi nichane kurasa nne.

Maiti yenyewe ilikutwa kwenye mawe ya Luchelele, Jumanne saa saba mchana. Wanawake waanika dagaa waliona viatu kwanza, wakadhani ni mlevi. Walipofika karibu wakaanza kupiga mayowe.

Aliitwa Odeta, miaka thelathini na mmoja, mkazi wa Buhongwa. Alikuwa chini ya jabali, kichwa wazi, kisogo kimepasuka. Juu ya jabali ilisimama miguu mitatu ya kamera. Kamera haikuwepo.

"Wizi, afande," alisema Koplo Ngosha. "Wameona kamera, wakamsukuma."

Inspekta Kashindye alipanda juu. Alivaa glavu, akafungua mkoba wa marehemu uliokuwa juu ya jabali. Simu ilikuwemo. Hela zilikuwemo. Na kanga mpya nyekundu, bado ina harufu ya dukani, upande mmoja umekatwa kwa mkasi.

"Umeoa, Ngosha?"

"Mwaka wa sita, afande."

"Kanga zinauzwaje?"

"Kwa doti."

"Doti ina vipande vingapi?"

Ngosha akatazama mkoba, akatazama maji. Mwaka wa sita, na ndiyo kwanza anahesabu.

"Viwili. Hapa kipo kimoja."

"Basi mwizi wetu ameacha simu, akabeba nusu ya doti." Kashindye alikikunjua kile kipande, akasoma jina la kanga kimoyomoyo, akakikunja tena. "Kisomwe na mimi tu. Andika: kielelezo namba tatu."

Kesho yake ilikuja taarifa ya uchunguzi wa maiti. Odeta alikufa kati ya saa tatu na nusu na saa tano asubuhi. Hakufa palepale, daktari alikadiria aliishi kama nusu saa baada ya kuanguka. Ndani ya jeraha la kisogo kulikuwa na nyuzi nyekundu za pamba.

Kashindye aliisoma mara mbili. Nusu saa ni ndefu. Mtu anaweza kuita jina la mama yake mara nyingi sana.

*

Winnie alifanya kazi na marehemu kwenye chumba kimoja Buzuruga, juu ya duka la vipuri. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Odeta alipiga picha za harusi?"

"Hapana. Za ghala. Unapiga, unapeleka kwenye ghala la picha mtandaoni, mwenye tangazo popote duniani anachagua. Yeye akipiga, mimi naboresha."

"Unaboreshaje?"

"Nanyoosha ziwa likikaa upande. Naongeza mwanga, nafuta mifuko ya plastiki. Na maandishi yote nafuta. Ghala halipokei picha yenye maneno ya watu."

"Mara ya mwisho alikutumia lini?"

Winnie akawasha kompyuta. Jumanne, saa tatu na dakika kumi. Odeta amesimama juu ya jabali akilitazama ziwa, amejitanda kanga nyekundu kichwani, pindo limeshuka mgongoni. Uso umegeuka kidogo, anatabasamu. Kanga ilikuwa tupu, haina hata herufi.

"Hapa palikuwa na jina?"

"Lilikuwepo. Nililifuta nikapandisha picha ghalani. Ile ya kwanza niliifuta kabisa, kompyuta imejaa."

"Yeye alilichagua?"

"Odeta?" Winnie alicheka, kisha akalia. "Odeta hakusoma kanga, afande. Alichagua rangi tu. Maneno alijua nitayatoa."

"Mbona amejipiga mwenyewe?"

"Ukijipiga mwenyewe huombi mtu ridhaa. Aliogopa kupiga watu tangu mambo ya Machibya."

"Machibya ni nani?"

Winnie akafuta pua.

Machibya alikuwa fundi seremala na mwalimu wa kwaya. Mwaka jana Odeta alimketisha kitandani, akamwambia ashike kichwa kama mtu mwenye mawazo. Akasaini karatasi ya ridhaa, akaenda zake. Ghala likaiuza picha. Mwezi uliopita ikapandishwa kwenye bango kubwa pale Nyegezi, karibu na stendi: Machibya na kichwa chake mikononi, na chini yake, MWANAUME, NGUVU ZIMEKUISHIA? USIONE HAYA.

Tangu hapo, kila akiinua mkono kwaya ianze, besi walikuwa wanashikwa na kikohozi.

Hayo yangepita. Lakini ndugu za Kokulinda, mchumba wake, walitoka Bukoba kuja kupanga harusi. Waliposhuka basi Nyegezi, jambo la kwanza waliloona Mwanza lilikuwa bwana harusi. Hawakufika hata nyumbani. Walirudi na basi la kesho yake, na Kokulinda wakaondoka naye.

"Odeta alimwombea ghalani picha itolewe," alisema Winnie. "Aliandika mara tatu."

*

Machibya aliletwa kituoni Alhamisi. Alivaa shati lililopigwa pasi vizuri. Kashindye alimweleza haki zake. Ngosha akashika kalamu.

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Karakanani. Naranda mbao."

"Na nani?"

"Peke yangu. Vijana niliwafukuza. Walikuwa wananicheka."

"Odeta ulimwona mwisho lini?"

"Mwaka jana, siku ya picha. Kamera yake siijui, mawe ya Luchelele siyajui."

"Ulimchukia?"

"Afande, mimi nitaoa wapi tena? Bukoba wananijua, Mwanza wananijua. Nimchukie au nisimchukie, bango liko pale."

Kashindye alisukuma mezani ile picha, imechapwa kwenye karatasi kubwa.

"Ndiyo ya mwisho. Rafiki yake anasema alikuwa anajutia jambo lako."

"Anajuta!" Machibya aliipiga picha kwa kidole. "Mtu anayejuta anajitanda kanga ya kumsuta mwenzake?"

"Imemsutaje?"

"Si hayo maneno! 'Aibu yako usinitwishe mimi.' Mgongoni, makubwa hivi!"

Kalamu ya Ngosha ikasimama.

Kashindye alifungua bahasha, akatoa kielelezo namba tatu, akakitandaza. AIBU YAKO USINITWISHE MIMI. Kisha akairudisha picha mbele ya Machibya.

"Ni kweli, ndilo jina lake. Sasa nioneshe hapa ulipolisoma."

Machibya aliinama. Alitafuta kwenye pindo, akatafuta begani, akaigeuza karatasi nyuma. Alipoinua uso alikuwa amezeeka.

"Nilimfuata kumwomba," alisema polepole. "Nikamwambia, dada yangu, lishushe lile bango, nimebaki peke yangu. Akasema amekwisha kuandika, tungoje. Akanigeuzia mgongo arekebishe kamera. Ndipo nikasoma. Nikasema kumbe amejiandaa. Amenivalia mimi."

"Alichagua rangi, Machibya. Jina hakulisoma."

Machibya akafunika uso kwa mikono, vilevile kama kwenye bango. Hakuna aliyecheka.

"Nilimsukuma mara moja," alisema ndani ya viganja. "Kamera nikaitupa majini."

"Ukashuka kumwangalia?"

"Sikushuka, afande. Nilikimbia palepale. Ningejua yu hai ningemsaidia, naapa mbele ya Mungu."

Kashindye aliivuta taarifa ya daktari.

"Nyuzi za kanga zilikuwa ndani ya jeraha. Alianguka akiwa amejitanda. Sisi tumemkuta kichwa wazi." Alisubiri mpaka mikono ikatoka usoni. "Sasa niambie, nani alishuka kumvua?"