Wali Usiomngoja Mgeni Rasmi

Ukipita nyuma ya nyumba ya Bi Mwanasha, huko Msambweni, saa kumi alasiri, utamkuta amekalia mbuzi. Usishtuke. Mbuzi huyu hali majani. Ni kibao cha kukunia nazi, chenye ulimi wa chuma wenye meno. Bi Mwanasha alianza kukikalia akiwa na miaka saba. Sasa ana miaka sitini na mbili, na bado hajakichoka.

Siku moja alikuwa akikuna nazi za mbaazi. Mumewe, Mzee Abdurahman, fundi wa baiskeli, alikuwa kando akiziba pancha na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

"Kuna taratibu, mke wangu. Usifike kwenye kifuu. Meno yangu yamebaki machache, na ninayapenda."

"Ukiyapenda, yafungie mdomoni," akajibu Bi Mwanasha.

Ukutani juu yake ulining'inia upawa wa kifuu cha nazi wenye mpini mrefu wa mti. Ulikuwa wa marehemu mama yake, Bi Maimuna. Kwa upawa ule, Bi Maimuna alipakulia watu katika maulidi na harusi, kuanzia Gazi hadi Vanga. Enzi hizo mtu akialikwa harusi hakuuliza bibi harusi ni nani. Aliuliza, "Anapika nani?" Akiambiwa ni Bi Maimuna, alikuja hata kama hakualikwa.

Binti yao Twaiba akaingia uani na karatasi mkononi. Twaiba ni katibu wa Mkono Mwema, chama cha kujitolea cha pale kijijini. Alikuwa ametoka mkutanoni.

"Soma tusikie," alisema baba yake. "Mwezi huu mtatutesa vipi?"

Twaiba akacheka, akasoma. "Jumamosi ya kwanza, mashindano ya bao. Ya pili, kufagia soko na zahanati, halafu chai na mahamri. Ya tatu, kina mama watavutana kamba na kina baba."

"Hiyo msiniandike. Mgongo wangu ni wa serikali ya zamani."

"Jumamosi ya nne ndiyo kubwa. Karamu ya Tangi. Kila mtu atanunua tiketi ya chakula, na mgeni rasmi ataendesha mchango."

Tangi lenyewe lingenunuliwa kwa ajili ya zahanati. Mabomba yake yalikuwa makavu siku nyingi kuliko yalivyokuwa na maji. Mwanamke akienda kujifungua, alifuatwa na ndugu aliyebeba dumu la maji.

"Nitahitaji nazi mia na ishirini," alisema Bi Mwanasha. Macho yake yalikuwa yameng'aa. "Na mwenyekiti wenu Jumwa anitafutie kuni kavu, si kama zile za mwaka jana."

Twaiba akaikunja karatasi. Akaikunja tena, ikawa ndogo kama sambusa.

"Mama, chakula kitatoka Ukunda. Kuna watu wanapika na kuleta kwa gari."

Mbuzi akanyamaza.

"Nani kasema?"

"Kamati. Shangazi Jumwa ndiye aliyetoa shauri."

Kama angetajwa mtu mwingine, Bi Mwanasha angechukua kanga yake akaenda kumpa maneno. Lakini Jumwa! Walikuwa wasichana pamoja. Walipigana vikumbo kisimani pamoja. Walijifunza kupika pamoja, miguuni pa Bi Maimuna, wakichapwa mikono kwa upawa uleule kila walipoonja kabla ya wakati. Miaka hamsini Jumwa alimwita "shoga" na kuingia kwake kwa mlango wa nyuma bila hodi.

Halafu ikaja karamu ya mwaka jana, aliyoipika Bi Mwanasha. Watu kumi na tisa waliugua. Walitapika na kuhara tangu jioni. Jumwa ndiye aliyezidiwa. Kesho yake mchana alipelekwa hospitali kwa bodaboda, akatundikiwa maji siku mbili. Tangu hapo alikuwa akipita barabarani tu. "Hujambo, jirani," alikuwa akisema, na kuendelea na safari. Jirani! Neno hilo lilimchoma Bi Mwanasha kuliko tusi.

"Si chakula changu," alisema sasa, kama alivyosema mwaka mzima. "Samaki wa yule muuzaji hawakuwa wazuri."

"Mimi nilisema tangu siku ile," Mzee Abdurahman akadakia. "Ni jicho. Watu walikitazama mno kile chakula."

Asubuhi iliyofuata Faith alibisha hodi. Faith ni mhudumu wa afya ya jamii. Kwao ni Kinango, lakini amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka hapo. Huzunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wake, akiuliza habari za watoto, vyandarua na maji ya kunywa.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo sina la kukupa ila uchungu," alisema Bi Mwanasha, akamweleza yote.

Faith alisikiliza mpaka mwisho. Mzee Abdurahman alipotia lake la jicho, Faith hakucheka. Akauliza, "Walikitazama kwa muda gani, baba?"

"Eh! Tangu asubuhi mpaka alasiri. Mgeni rasmi alichelewa. Nani angethubutu kula kabla yake?"

"Mama, uliipua saa ngapi?"

Bi Mwanasha akafikiri. "Niliwasha moto baada ya sala ya alfajiri. Saa mbili asubuhi wali na mchuzi vilikuwa tayari. Ila usidhani nilivitupa hivyohivyo. Nilizifunika sufuria, nikazizungushia mablanketi na mikeka ili chakula kisipoe."

"Vikaliwa saa ngapi?"

"Baada ya hotuba. Saa tisa."

Faith alihesabu kwa vidole, polepole, ili Bi Mwanasha ahesabu naye. Saba.

"Mama, kwa muda wa saa saba chakula kimelala chini ya blanketi. Kilipofunuliwa kilikuwa cha moto?"

"Cha vuguvugu."

"Hapo ndipo penye ugonjwa. Kuna vijidudu vidogo, havionekani kwa macho. Havipendi moto mkali, wala havipendi baridi kali. Vinapenda vuguvugu. Ukivifunika kwa blanketi umevitandikia kitanda. Vinazaana. Vingine vinaacha sumu ndani ya chakula."

"Mbona wali haukunuka?"

"Si lazima unuke. Tui likichacha utalisikia, lakini vijidudu vingi havina harufu wala ladha. Na vile vya wali ni vikaidi. Vingine havifi hata wali ukichemka. Vinangoja upoe, halafu vinaamka."

"Kwa hivyo ningepasha tena?"

"Sumu ikishaingia, kupasha hakuiondoi. Dawa ni moja: chakula kisingoje. Kikishaipuliwa kiliwe kabla muda wa saa mbili haujapita. Kwa joto letu hili, mapema zaidi. Kama lazima kingoje, basi kingojee motoni, kikitoa mvuke. Tena mikono ioshwe kwa sabuni, na kisu cha samaki mbichi kisiguse chakula kilichoiva."

Bi Mwanasha aliinua kichwa. Macho yake yalikwenda ukutani, kwenye upawa.

Aliiona harusi moja ya zamani kule Gazi. Mafiga safu tatu. Mama yake katikati ya moshi, kanga imefungwa kiunoni, anaipua sufuria moja huku nyingine ikitokota na ya tatu ndiyo kwanza inatiwa tui. Wali ulitoka motoni ukaingia kwenye sinia, sinia likaenda kwa watu. Wakila hawa, wale wanangoja zamu. Wazee wakubwa, wenye bakora na kofia za kudarizi, walikaa mkekani wakimeza mate. Wakilalamika, Bi Maimuna aliwapigia kelele kutoka jikoni, "Subirini! Moto haujasema!"

"Mama hakuwa na blanketi jikoni," alisema Bi Mwanasha kwa sauti ndogo. "Hata siku moja. Zamani watu walingoja chakula. Sisi tukakifanya chakula kingoje watu."

"Basi mama yako alijua kazi," alisema Faith.

"Na mimi nilikuwa na kipande tu cha kazi yake." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mzee Abdurahman alifungua mdomo aseme jambo la kuchekesha. Akamtazama mkewe. Akaufunga.

Jumapili Mkono Mwema walikutana kwenye darasa la chekechea, watu wazima wamekunja magoti kwenye viti vya watoto. Jumwa, mwenyekiti, alikuwa mbele. Bi Mwanasha alisimama.

"Nimekuja kusema neno moja, halafu mtaamua. Mwaka mzima nimemsingizia muuzaji samaki. Si samaki. Ni mimi. Nilipika mapema mno, nikafunika kwa blanketi, mkala sumu. Niwieni radhi. Jumwa, wewe hasa, niwie radhi."

Jumwa alikuwa akitazama daftari lake.

"Mwaka huu nikipewa jiko nitapika kama alivyopika mama," aliendelea Bi Mwanasha. "Kwa zamu, watu wakiwa wameshakaa. Faith atasimama nami. Lakini kuna sharti. Hakuna kumngojea mgeni rasmi."

"Haa! Mgeni rasmi aje akute sahani chafu?" mtu mmoja wa kamati akaruka. "Ni aibu!"

Jumwa akainua kichwa. "Mimi nimeona aibu zaidi ya hiyo," alisema. "Nimebebwa kwenye bodaboda nikiwa sijiwezi, katikati ya soko, mchana kweupe. Nikuelezee?"

Yule mtu akakaa. Kiti cha chekechea kikalia chini yake, na watu wakacheka. Jiko likarudi kwa Bi Mwanasha. Lakini mkutano ulipokwisha, Jumwa aliondoka na kusema, "Haya, jirani, tutaonana Jumamosi."

Jumamosi ya nne, mafiga yalipangwa safu tatu nyuma ya zahanati. Karibu na kila safu palikuwa na ndoo ya maji yenye bomba, na kipande cha sabuni. Faith alikaa hapo kama askari wa mpakani Lunga Lunga. Hakupita mtu na mikono michafu. Samaki walikatwa upande mmoja, saladi upande mwingine. Asubuhi nzima watu walicheza ngoma na kununua tiketi, lakini hakuna sufuria ya wali iliyokuwa motoni. Tui lilikamuliwa watu walipotoka sala ya adhuhuri.

Saa saba na nusu sufuria ya kwanza ilikuwa tayari. Simu ya Jumwa ikalia. Akasikiliza, akaja jikoni mbio.

"Mwanasha, mgeni rasmi bado yuko ng'ambo ya Likoni. Hajavuka feri."

Kamati yote ikakusanyika. Tungoje kidogo? Nusu saa tu? Wali ukatoa mvuke. Kila mtu aliutazama. Mtu mmoja, Mungu anamjua, alikuwa ameshika blanketi.

Bi Mwanasha alimtazama Jumwa. "Mama alimngojesha bwana harusi," alisema.

Jumwa akavuta pumzi. Halafu akacheka, kicheko kile cha kisimani, ambacho Bi Mwanasha hakukisikia mwaka mzima. "Tena na shada shingoni! Nakumbuka. Pakua, mama. Pakua!"

Upawa ukaingia kazini. Sufuria ya kwanza ikaisha, ya pili ikaipuliwa, ya tatu ikafuata. Watu walikula wali unaounguza vidole, wakapuliza na kula tena.

Mgeni rasmi alifika saa tisa. Alikuta watu wamelala mikekani wakichokoa meno. Wasaidizi wake wakakunja nyuso. Jumwa akampokea kwa heshima zote, akamketisha mbele ya bao, karibu na Mzee Abdurahman.

"Na chakula?" mheshimiwa akauliza kwa upole. Hakika alikuwa na njaa.

Kutoka jikoni ikaja sauti ya Bi Mwanasha. "Nazi yako ndiyo inavunjwa sasa hivi, mheshimiwa. Subiri! Moto haujasema!"

Watu wazima wa kijiji kile wakashangilia, maana walikuwa hawajasikia maneno hayo tangu utoto wao. Mheshimiwa alingoja kama wengine. Alifungwa bao mara mbili. Kisha akaletewa sinia linalofuka moshi, akala, akalamba vidole, akala tena. Aliposimama kuchangia, alichangia kama mtu aliyeshiba vizuri.

Kesho yake Faith alizunguka nyumba zote. Hakuna aliyetapika. Hakuna aliyehara. Mtu mmoja tu alilalamikia tumbo, naye ni Mzee Abdurahman, aliyekula sahani nne.

"Huo si ugonjwa, baba," alisema Faith. "Huo ni ulafi. Sina dawa yake."

Leo tangi limekaa juu ya mawe manne, jeusi, kubwa, na wanaokwenda kujifungua hawafuatwi na dumu. Chama kimeandika sheria kwenye ukuta wa chekechea: wali ukiiva, unaliwa.

Lakini Bi Mwanasha huikumbuka zaidi alasiri ya Jumatatu iliyofuata karamu. Alikuwa amekalia mbuzi, akikuna nazi za mbaazi. Mlango wa nyuma ukafunguka bila hodi. Jumwa akaingia, akavua viatu, akasimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Shoga," alisema, "sogea. Unakuna kama mtu aliyelazimishwa. Niachie mimi."