Kisanduku Ndani ya Gunia la Omena

Likizo ya Agosti, kazi ya kwanza ya Joyline kila asubuhi ilikuwa kutandaza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu ili wakauke. Aliwageuza kwa mikono, akawafukuza bata wa jirani waliojiona wana haki ya kupata kiamshakinywa pale, kisha akaenda kunawa. Alinawa kwa sabuni, akanusa vidole, akanawa tena. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na hakuna kitu alichokichukia kama harufu ya omena kumfuata mbele za watu.

Shangazi yake Mellen, aliyeishi naye hapo Sindo kando ya ziwa, hakuijali harufu hiyo hata kidogo. Omena ndio waliomnunulia kamera. Asubuhi aliwauza sokoni, na mchana alirekodi video za harusi na za kwaya. Mwezi huo alikuwa ameirekodi kwaya ya kanisa lao la Waadventista ikiimba kando ya ziwa. Video hiyo ilipaswa kuonyeshwa kwenye makambi, ule mkutano mkubwa wa kanisa unaowaleta watu kutoka kila upande. Mwalimu Austine, kiongozi wa kwaya, alisema wazi kwamba isipokuwa tayari, kazi zao zote atapewa fundi mwingine.

Shida ilikuwa kompyuta. Ile ya zamani ilikuwa imekufa. Mellen alitaka kipakatalishi chepesi, cha kutia mkobani kila anapoitwa kazini. Lakini kipakatalishi chepesi huchoka haraka kikipewa kazi ya video. Picha hukwamakwama mpaka mtu akate tamaa. Ndugu yake Boaz, aliyefanya kazi Nairobi, alimtumia msaada: kisanduku cheusi chenye kadi ya grafiki ndani, yaani kifaa kinachoisaidia kompyuta kushughulikia picha. Safarini Mellen angebeba kipakatalishi peke yake. Nyumbani angekiunganisha na kisanduku kwa waya, kipate nguvu ya kumaliza kazi.

"Joyline, nisikilize vizuri," Boaz alimwambia kwa simu, Mellen akiwa sokoni. "Si kila laptopu inakubali kisanduku hiki. Mkienda dukani mkibebe, muuzaji akijaribu kabla hamjanunua. Umesikia?"

"Nimesikia, baba mdogo."

Alisikia vizuri sana. Ila siku ya kwenda mjini Homa Bay ilipofika, Mellen, aliyeona ni heri kwenda nacho, alitoka chumbani na kisanduku ndani ya gunia, kwa sababu boksi lake lilikuwa limenyeshewa na mvua. Lilikuwa gunia la omena. Lilikuwa limefuliwa, na lilikuwa safi kwa macho, lakini si kwa pua.

Joyline alilitazama. Duka walilokuwa wakienda lilikuwa la Bwana Omanga, baba yake Liz. Liz aliwahi kusoma na Joyline kabla familia yao haijahamia mjini, na siku hizi alijipaka marashi hata akiwa nyumbani. Joyline alijiona akiingia duka lile la vioo na gunia begani, na Liz akiziba pua.

"Tukiache, shangazi," alisema upesi. "Baba mdogo alisema hakuna haja. Laptopu za siku hizi matundu yake ya waya ni sawa tu. Si unajua mimi ndiye mwenyekiti wa chama cha kompyuta shuleni?"

"Yawa! Nyathina amekuwa injinia," Mellen alicheka. Kwa Kidholuo alikuwa amemwita mtoto wangu, na aliliweka gunia chini bila swali lolote.

Dukani, Bwana Omanga aliwaonyesha vipakatalishi viwili. Kimoja kilikuwa kidogo, cheusi, cha mtumba, na kifuniko chake kilikuwa kimepauka. Cha pili kilikuwa chembamba, cha rangi ya fedha, kiking'aa.

"Mama, kuna kifaa chochote mtakachounganisha?" aliuliza. "Kama kipo, ni heri tujaribu hapa hapa."

Mellen alimgeukia Joyline. Liz naye alikuwa ameegemea kaunta, akisikiliza.

"Hakuna haja," Joyline alisema kwa sauti ya mtu mzima. "Nimeshahakikisha. Tunachukua hiki cha fedha."

"Aki Joy, wewe ni moto!" Liz alisema. Joyline alivimba kichwa mpaka Sindo.

Nyumbani, waya uliingia kwenye tundu vizuri. Feni ya kisanduku ikazunguka. Lakini kipakatalishi kilikaa tu, kama hakijui kwamba kimepata mgeni. Joyline alichomoa, akachomeka, akazima, akawasha, akapuliza ndani ya tundu. Mwishowe alichukua simu ya shangazi yake, akatafuta maelezo mtandaoni. Hapo ndipo alipoelewa. Matundu huweza kufanana kwa umbo bila kufanana kwa uwezo. Lile linalokubali kisanduku mara nyingi huwa na alama ndogo ya radi pembeni. Alikigeuza kipakatalishi kila upande. Hapakuwa na radi.

"Vipi, injinia?" Mellen aliuliza kutoka mlangoni.

Joyline alitamani ardhi ipasuke immeze. "Kisanduku kimeharibika, shangazi."

Mellen alishika kichwa, kisha akampigia ndugu yake simu. "Boaz, umenitumia takataka! Makambi ndiyo hayo yamefika, nitamwambia nini Mwalimu Austine?"

Boaz alisema, "Mpe Joyline simu." Joyline aliipokea. "Dukani mlikijaribu, kama nilivyokwambia?"

Shangazi yake alikuwa amesimama mbele yake. "Ndiyo, baba mdogo."

"Basi kosa ni langu," Boaz alisema taratibu. "Huenda kiligongwa njiani. Mwambie shangazi yako anisamehe. Nitatafuta kingine, ingawa sijui lini."

Joyline alirudisha simu akaenda nyuma ya nyumba. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Mtu aliyewasaidia kwa moyo safi alikuwa ameomba msamaha kwa kosa lake yeye. Aliyakumbuka maneno yale, "kosa ni langu," na uso wake ukawaka moto. Bado hakuthubutu kusema.

Kesho yake alipita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mkokoteni wake. Mellen alikuwa akiwageuza omena kwa hasira, na hakuinua hata uso.

"Mpe kile kisanduku. Sitaki kukiona tena."

Joyline alikitoa. Yule mtu alikitundika kwenye mizani pamoja na kikaango kilichotoboka na mnyororo wa baiskeli, akaanza kusoma mshale. Kisanduku kizima, kisicho na kasoro, kilining'inia pale kama kitu cha kutupwa.

"Hapana! Usikichukue!" Joyline alipiga kelele. Alikinyakua na kukikumbatia, machozi yakimtiririka. "Shangazi, hakijaharibika. Nilikudanganya. Baba mdogo aliniambia tukibebe dukani. Niliona aibu kubeba gunia mbele ya Liz. Jana nikamdanganya baba mdogo pia."

Mnunuzi wa vyuma alikusanya mizani yake akaondoka polepole. Mellen hakumpiga, wala hakumgombeza. Alimtazama tu, na macho yale yalimuuma Joyline kuliko fimbo.

"Mimi nimemtukana ndugu yangu," alisema hatimaye. "Mpigie simu, umwambie wewe mwenyewe. Kisha chukua gunia. Tunarudi Homa Bay, na wewe ndiye utakayezungumza."

Joyline alipiga simu ile akilia. Boaz alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia. Kwanza nendeni mkakijaribu," kisha akakata.

Waliingia dukani, gunia begani mwa Joyline. Liz alinusa, akakunja uso. "Kuna nini humo?"

"Ni gunia la omena," Joyline alisema. "Lakini ndani kuna kifaa. Bwana Omanga, siku ile nilisema nimehakikisha. Sikuwa nimehakikisha chochote. Tafadhali, tunaomba kukijaribu sasa."

Liz alimtazama kwa mshangao, kisha akaja kumsaidia kufungua kamba ya gunia. "Nyanyangu pia huanika omena," alinong'ona. "Nguo zangu zote za likizo hunuka."

Bwana Omanga hakufurahi, wala hakuficha. Alikikagua kipakatalishi cha fedha kila pembe, na kwa kuwa hakikuwa na mkwaruzo, akakubali kukibadilisha. Kisha akasogeza kile cheusi cha mtumba. Joyline aliinama akaangalia pembeni. Kando ya tundu palikuwa na alama ndogo ya radi. Waliunganisha waya, wakasubiri. Jina la kadi likajitokeza kwenye skrini, na Mellen akapiga makofi katikati ya duka.

Video ilimalizika. Siku ya makambi, skrini ilitundikwa chini ya turubai, na kwaya ikaonekana ikiimba, ziwa likimeremeta nyuma yao. Mwalimu Austine alimpa Mellen mkono mbele ya watu wote. Boaz naye alikuwa amekuja kutoka Nairobi. Joyline alijificha nyuma ya viti, lakini aliitwa. Alikwenda ameinamisha kichwa.

"Joyline," Boaz aliuliza, "dukani mlikijaribu?"

Lilikuwa swali lile lile. Safari hii aliinua macho. "Tulikijaribu, baba mdogo. Mimi mwenyewe nilikibeba."

"Kwenye gunia?"

"Kwenye gunia."

Boaz alicheka, akamshika bega. Mellen hakucheka. Alimvuta Joyline karibu, akamwambia bila ukali, "Uliogopa kuaibika kwa harufu, ukachagua uongo. Harufu ungenawa ikaisha siku hiyo hiyo. Uongo wako ulitaka kututenganisha mimi na ndugu yangu. Usione haya kwa kazi inayokulisha, na kama hujui jambo, sema hujui. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

Kesho yake asubuhi Joyline alitandaza omena, akawafukuza bata, akanawa mikono mara moja tu.