Wa Chini Naye Alipasuliwa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mitende Mama Tafida alipojitanda shela lake jeusi akasema anatoka mara moja tu, hapo getini, kuchukua mkate wa moto na maharage ya futari.

"Mama, usiniache," Inshirah alimwambia mkwe wake. "Mtoto akiamka nani atanipa?"

"Si wapo manesi? Wamewekwa hapa kufanya nini, kupaka wanja?"

Akaenda zake.

Inshirah alikuwa amepasuliwa juzi kutolewa mtoto, na mshono ulikuwa unawaka, hata kukohoa alikuogopa. Wodini walikuwa wawili tu, yeye na Wahiba wa kitanda cha dirishani. Wahiba naye alijifungua kwa kisu. Mtoto wake alikufa jana magharibi, wakasema ni mapafu, na tangu hapo amegeukia ukutani.

Nesi Rawia akapita mbiombio.

"Nesi, nakuomba, nisogezee mtoto kabla hujaenda kufuturu. Na hii dripu inakwisha."

"Mtoto kalala, unamwamshia nini? Nimefunga tangu alfajiri, mwenzio, mimi si jiwe. Na usithubutu kuinuka peke yako. Mshono ukiachia nitakushona kwa sindano ya magunia!"

Wenzake wakacheka mlangoni. Adhana ikalia. Milango ikafungwa huko mwisho wa korido, vikabaki vijiko tu vikigonga mabakuli.

Mtoto akaamka.

Alilia kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, halafu kwa ile sauti ya kukauka inayomfanya mama yeyote maziwa yamtoke bila kutaka. Kitanda chake kilikuwa hatua chache tu, lakini kwa mtu aliyeshonwa tumbo kilikuwa ng'ambo ya jangwa. Inshirah akaita. Akaita tena. Dripu ikaisha, damu yake ikaanza kupanda kwenye mrija, nyekundu, taratibu, na yeye anaitazama. Akapiga chuma cha kitanda kwa ngumi. Hakuna aliyekuja! Akamkumbuka mumewe anayekoroga zege Kuwait na kutuma salamu, akamkumbuka mkwe na mkate wake, akamkumbuka daktari aliyempasua bila hata kumtazama usoni, hasira ikamjaa hadi kooni.

"Wa juu mmekufa wote?" alipiga kelele. "Basi aje hata wa chini!"

Wahiba akashtuka.

"Kifute," alinong'ona, bado kageukia ukuta. "Ulichosema... magharibi hii... kifute."

Kwao kila msichana anafundishwa kabla hajajua kusuka nywele. Kila mwanamke ana dada yake chini ya ardhi, wamezaliwa saa moja, huyu akiugua na yule anaugua. Hatajwi wakati wa magharibi. Na mwenye mtoto ambaye hajatimiza siku ya saba, hajapewa jina, huyo hamtaji kabisa.

Inshirah akafungua mdomo akifute.

Mtoto akanyamaza.

Ghafla tu, kama mtu kamziba kwa kiganja.

Ikaja harufu ya tope, tope la mfereji maji yanapokatwa. Halafu sauti... kitambaa kilicholowa kinaburutwa sakafuni... na tone... tone...

Mwanamke alikuwa amesimama kando ya kitanda kidogo. Amembeba mtoto. Amevaa gauni la wodi kama lake, limefungwa kamba kama lake. Akageuka.

Uso ulikuwa wa Inshirah. Mpaka lile jino lililovunjika.

"Umeniita," alisema.

"Nipe mwanangu."

"Mwanao? Tulimbeba wote."

"Hii Ramadhani! Mashetani wamefungwa!"

"Mimi si shetani. Mimi ni ndugu yako."

Akafunua gauni. Tumbo lilikuwa wazi, nyonga hadi nyonga, na ndani hamkuwa na nyama. Mlikuwa na giza, na maji meusi yakidondoka.

"Walipokupasua, nami nikapasuka," alinong'ona. "Wewe wakakushona. Mimi nani alinishona? Nani aliniuliza hata kama naumwa?"

Maneno yale yalikuwa ya Inshirah, alikuwa nayo kifuani tangu juzi, na kuyasikia yakitoka kwenye mdomo mwingine kulimchoma kuliko mshono.

"Na mimi nani kaniuliza?" alifoka. "Unadhani huku nauguzwa? Tazama mrija huu! Tazama! Lete mtoto, usiniletee kilio chako!"

"Basi arudi alikotoka."

Akamshusha mtoto taratibu, akaelekeza miguu yake kwenye lile giza.

Mguu mmoja ukazama.

"Ngoja!"

Inshirah akang'oa mrija mkononi, akashuka. Kitu kikaachia tumboni, kikamwagika moto mapajani. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakipasua kwa meno.

"Kaa hapa. Kaa, nakwambia! Nikufunge."

Yule akamchomoa mtoto mguu, akakaa. Inshirah akamfunga kama alivyoona manesi wakifanya, kandamiza, zungusha, vuta, huku analia, huku anawatukana wote, wa juu na wa chini. Ngozi yake ilikuwa baridi kama mtungi.

"Inauma?" akajikuta anauliza.

Mabega ya yule yakacheza, kama ya mtu anayelia. Kisha akamnyooshea mtoto.

"Na kesho?"

"Kesho nini?"

"Kidonda hubadilishwa kila siku."

Nesi Rawia alimkuta sakafuni, kamkumbatia mtoto, damu imetapakaa.

"Si nilikwambia usiinuke? Unajua nitaulizwa mimi?"

"Uulizwe!" Inshirah alimpigia kelele. "Uulizwe mpaka usahau jina lako!"

Wakamshona upya. Daktari akasema ni homa, mwenye homa huona mengi. Mama Tafida, alipomfungua mtoto nepi, akaona tope bichi limemfika gotini mguu mmoja. Akauosha mguu ule huku anasoma dua.

Taa zilipowashwa, Wahiba akageuka kwa mara ya kwanza.

"Ulimfunga?"

"Nilimfunga."

"Wangu naye alikuja jana," alisema. "Nilifumba macho."

Mshono wa Inshirah sasa ni mstari mwembamba tu. Lakini kila magharibi, nyumba nzima wakizunguka sinia, yeye huingia chumba cha nyuma na kitambaa safi, akafunga mlango. Kidonda cha yule hakikauki. Anamfunga kwa hasira, bila salamu, na yule naye hashukuru.

"Unajificha nini humo?" mkwe humuuliza.

"Kaulize manesi wako."

Juzi alichelewa kidogo, alikuwa anaepua chungu. Alipofika, mlango ulikuwa wazi, na binti yake, ambaye ameanza kutambaa, alishaingia. Alikuwa amekaa kwenye kona ya giza, anacheka, amenyoosha mikono juu abebwe.

"Njoo kwa mama," Inshirah akamwita.

Mtoto akageuka, akamtazama. Akatazama tena kule juu, kwenye uso wa yule mwingine.

Mikono akaiacha kule kule.