Jumapili ya Farasi wa Mbao

Kama Lornah asingekuwa mtoto wa kulamba vitu, Peres angeenda zake na Musembi angeenda zake, na mwaka ule wa sabini na nne ungekwisha bila wao kujuana. Lakini Lornah alikuwa na miaka miwili na ulimi usiojua kutulia. Jumamosi moja mchana, kwenye Barabara ya River ambako watu husukumana kana kwamba kila mmoja kaacha chungu motoni, mafundi wawili walikuwa wameteremsha kioo kikubwa cha dirisha la duka na kukisimamisha kando ya njia ili wapumzike. Peres alipogeuka kumshika mkono Odhiambo, kifungua mimba wake wa miaka minne, Lornah alikuwa ameshaubandika ulimi kwenye kioo.

"Wewe! Toa ulimi hapo!"

Upande wa pili wa kioo, fundi mmoja akachuchumaa, akatoa ulimi wake na kuubandika pale pale. Lornah akacheka mpaka akaketi chini.

"Huyu ni mtoto ama ni kitambaa ya kupanguza vioo?" fundi akauliza. "Nimuandike kazi?"

"Na wewe mdosi wako anakulipa kulamba?"

"Ananilipa kukata. Hii ya kulamba ni bure, dada."

Peres alikuwa amependeza siku ile, na alijijua. Gauni lake la manjano liliishia juu ya magoti, nywele zake za afro alizichana zikasimama, na viatu vyake vya raizoni vilimpandisha hewani. Wanaume wengi waliliona gauni kwanza, halafu wakawaona watoto, halafu wakakumbuka kwamba walikuwa na haraka. Huyu aliwaona watoto kwanza. Jambo hilo lilimpata Peres mahali ambapo hakuwa amejikinga, na alipoulizwa anafanya kazi wapi, alijikuta ameshasema.

Alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja ya bima, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Baba wa watoto wake alikwenda Uingereza kusoma, akaoa huko huko, na Peres alizipata habari hizo kwa watu. Tangu hapo aliishi Kabiria, chumba kimoja na sebule, pamoja na mama yake mzazi, Dorsila, aliyetoka kijijini Gem, upande wa Kisumu, kuja kumlelea watoto.

Jumatatu, taa ya kwanza kuwaka kwenye mitambo yake ilikuwa ya fundi yule, Musembi.

"Hallo, ofisi ya bima."

"Hallo, Pelesi. Nataka kukatia kifua yangu bima. Tangu Jumamosi inagonga vibaya."

"Jina langu ni Peres. R. Peres."

"Ndiyo nimesema. Pelesi."

Peres akacheka, akachomeka waya mwingine, akarudi kwake, akacheka tena. Mkamba huyu na ulimi wake! Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akiitwa Pelesi na kuitika, na Jumapili walikuwa wakikutana kwenye njia ya Kawangware, watoto wakimning'inia Musembi shingoni. Peres alianza kupenda, na kupenda kulimtisha.

Aliyetisha zaidi alikuwa Dorsila. Jioni moja, akichambua mboga, alisema kwa Kijaluo chake kisicho na haraka:

"Watoto hawa wakilala ni Musembi, wakiamka ni Musembi. Mimi huyo Musembi simjui hata uso. Walimpoteza baba mmoja kabla hawajamjua. Sitakaa hapa niwaone wakimpoteza mwingine ambaye wameshamjua. Mlete nimwone. La sivyo nawachukua watoto, nawapeleka Gem wakakulie huko."

Hakuwa mwanamke wa kutishia bure. Peres alikosa usingizi, kisha akapata wazo. Siku iliyofuata alimwambia Musembi awapeleke watoto mahali pa kucheza Jumapili, na mahali apachague yeye. Hakumwambia kwamba Dorsila atatokea huko huko kama kwa bahati. Alitaka mama yake amwone mtu huyu anavyocheka na watoto, kabla hajavaa uso wa wageni.

Basi ikaanza kazi ya kuchagua, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Maana Musembi hakuwa mtu wa kuchagua kitu asichokikagua.

"Pelesi, nimetoka kule kwa nyoka, kando ya makumbusho."

"Enhe?"

"Hapana. Ukuta ni mrefu. Lornah ataona nyoka tu kama nimembeba juu ya hiyo shimo. Mimi mwenyewe nilishika ukuta na mikono yote miwili."

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya wanyama yatima wa Langata.

"Simba ilinguruma, mpenzi, Odhiambo angekojoa suruali. Na kutembea ni kwingi. Mtoto wa miaka miwili atalala kabla hajaona hata punda milia."

"Basi Uhuru Park. Kuna mashua."

"Mashua! Watoto wawili, mikono yangu miwili. Nani atapiga kasia?"

"City Park?"

"Kule tumbili wanakula ndizi ya watu. Mmoja alinipora yangu. Lornah naye atakubali kuporwa?"

Mwanzoni Peres alicheka mpaka wenzake ofisini wakamgeukia. Lakini Jumapili zilipita, na kila jioni Dorsila aliuliza, "Ni wapi sasa?" Peres akijibu kwamba bado anachagua, mama yake alitikisa kichwa. "Mwanamume anayetaka kwenda huwa ameshakwenda. Huyo wako anatafuta mlango wa kutokea." Peres alimtetea, ila maneno yale yalimganda. Yule wa Uingereza naye alianza hivyo hivyo, akiwa na sababu nzuri nzuri.

Hatimaye simu ikaja, na sauti ya Musembi ilikuwa ya juu.

"Nimepata! Kuna bustani mpya, ukipita Westlands kama unaenda Kangemi. Ni ya Mhindi mmoja, Dilip. Farasi za mbao zinazunguka polepole, zinasukumwa na mkono. Bembea ziko na kiti na chuma ya kuzuia mtoto. Choo iko karibu, kivuli kiko. Nilipiga magoti nikatembea hivyo, nione kile Lornah ataona."

"Umetembea kwa magoti? Mbele ya watu?"

"Askari wa mlango aliuliza kama nimepoteza pesa."

Peres alifumba macho, simu sikioni. Angekuwa karibu angemkumbatia.

Jumapili ilifika. Musembi alikuja na suruali mpya ya bugaluu rangi ya kahawia na shati la maua lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Kila kitu kilikuwa kama alivyosema. Farasi walizunguka taratibu, Odhiambo akapanda mwekundu, Lornah akapandishwa mweupe, naye Musembi akatembea pembeni akimshikilia kiuno na kulia kama farasi. Peres aliwatazama akajiambia kwamba mama yake akiona hivi, basi, vita vimekwisha.

Akamwona Dorsila anaingia langoni, ametoka kanisani, leso nyeupe kichwani.

"Musembi," akamwita kwa furaha. "Unamwona yule anayekuja? Ni mama yangu."

Musembi aligeuka, akaona, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akamnyanyua Lornah, akamtupia Peres mikononi, akajifunika uso kwa kiwiko, na kabla farasi hawajamaliza mzunguko alikuwa nyuma ya kibanda cha tiketi. Dorsila akasogea kibandani. Musembi akaona hapatoshi, akaupasua ua wa miiba na kutokomea upande wa Kangemi, kipande cha bugaluu kikibaki kinapepea kwenye ua.

"Musembi! Musembi!" Odhiambo alilia. Lornah naye akalia kwa kuwa kaka yake analia. Watu wakatazama. Peres alisimama pale na raizoni zake, akatamani ardhi immeze.

Dorsila hakufoka, na ingekuwa afadhali kama angefoka. "Mtu asiye na mke hamkimbii bibi kizee," alisema. "Jumamosi naondoka na basi la mchana, mimi na watoto."

Peres alimteremsha Odhiambo farasini. Aliwavalisha watoto viatu, akawarudisha Kabiria.

Wiki ile yote taa ya Musembi iliwaka. "Pelesi, ngoja nikwambie..." alianza Jumatatu, na Peres akachomoa waya. Jumanne akachomoa hata kabla ya Pelesi. Jumatano alimwona amesimama nje ya ofisi, ameshika kofia, naye akatoka kwa mlango wa nyuma. Aliumia, alikasirika, na chini ya hasira alikuwa bado anampenda, jambo lililomkasirisha zaidi. Usiku Odhiambo aliuliza kama Musembi alikimbia kwa sababu yeye alikojoa. Hakuwa amekojoa. Peres alimwambia alale.

Jumamosi asubuhi alikwenda kazini kwa sababu hakuweza kutazama mizigo ikifungwa. Alikuwa amewaaga watoto huku akitabasamu, na tabasamu hilo lilimkata maini. Mbithe, mpiga chapa wa ofisi, mwanamke wa Machakos mwenye sauti ya kanisani, alimkuta akilia juu ya mitambo.

"Nani amekufa?"

Peres akamweleza yote, mpaka kipande cha suruali kwenye miiba. Mbithe akasikiliza, mdomo ukianza kumcheza.

"Hebu ngoja. Alikukimbia wewe ama alikimbia mama yako?"

"Mama. Nilipomwambia tu kwamba ni mama."

"Na akajifunika uso?"

"Kwa kiwiko. Kama mwizi."

Mbithe alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha ghafla, akamshika Peres mkono. "Mama wee. Hiyo ni nthoni. Kwetu mtu hatazamani na mama mkwe wake. Akimwona njiani anaingia msituni. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, mpaka mbuzi wa mahari wapelekwe na mambo yatengenezwe. Sikiza nikwambie, Peres. Mama wa mwanamke wa kupita naye tu hakuna anayemkimbia, huyo unamsalimia, unaomba na chai. Huyo mtu ameshakuoa zamani, ni wewe tu hujaambiwa!"

"Lakini hata Kabiria hakuja kunieleza!"

"Angekujaje? Si mama yuko huko?"

Peres alitazama saa ya ukutani, akachomeka waya. Tarsem Singh, mwenye duka la vioo, ndiye aliyepokea.

"Musembi? Musembi iko, lakini kichwa yake hapana iko. Wiki hii yeye vunja kioo mingi sana. Ngoja."

"Pelesi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mimi nilidhani kila mtu anajua! Nilishangaa wewe unaniletea mama bila haya, nikasema labda huko kwenu... halafu nikaona umekasirika, nikashindwa kujua kosa yangu."

"Kwetu mtu anasalimia mama mkwe. Kwa mbali, lakini anasalimia. Musembi, mama anaondoka na watoto. Sasa hivi. Stendi ya mabasi ya Kisumu."

Akasikia simu ikianguka upande wa pili, na Tarsem akiita mtu anayekimbia.

Walifika stendi karibu pamoja, Peres viatu mkononi. Basi lilikuwa linanguruma, magunia na kuku juu, na Dorsila ameketi dirishani, Lornah magotini na Odhiambo ubavuni. Musembi alipomwona mama huyo alijibanza nyuma ya basi jingine, mgongo umegeuka. Peres akapanda kwenye tairi, akashika dirisha, akamweleza mama yake kwa Kijaluo, maneno yakigongana.

Dorsila alisikiliza mpaka mwisho. "Hadithi nzuri," akasema. "Yule mwingine pia alikuwa na hadithi nzuri. Kama ni mwanamume, aje aniambie mwenyewe, uso kwa uso."

"Mama, hilo ndilo asiloweza!"

"Basi kwaheri."

Peres akakimbia kwa Musembi. Akamwambia. Alimwona akikunja uso kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni.

"Baba yangu alikaa miaka mingi bila kumtazama nyanya," Musembi akasema. "Wakisikia nyumbani..."

"Najua."

"Hujui, Pelesi."

Ni kweli, hakujua. Dereva akapiga honi. Dirishani Odhiambo alikuwa amemwona Musembi, wala hakumwita safari hii. Alimtazama tu, halafu akageuza kichwa. Musembi akavua kofia. Akavuka, miguu mizito, macho yakitazama lami, mpaka akasimama chini ya dirisha. Akainua uso. Jasho lilimtiririka na midomo ilimcheza, lakini alimtazama mama yule machoni, na hakuyaondoa macho.

"Mama," alisema, "mimi ni Musembi. Hii naifanya sababu ya watoto. Kwetu ni aibu kubwa. Nisamehe."

Dorsila aliinama dirishani. Aliyaona macho mekundu, aliiona mikono yenye makovu ikiikunja kofia, na pengine aliona kitu kingine ambacho Peres hakuwahi kumwuliza. Kisha mama huyo wa Gem, ambaye hakuwa na mila hiyo wala hakuwa ameisikia kabla ya siku ile, alishika pindo la leso yake nyeupe, akalishusha polepole mpaka likamfunika uso wote.

"Peres," akasema kutoka ndani ya leso, kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe. "Ambia huyu mtu asinitazame. Mimi ni mama mkwe wake. Na apokee watoto wake haraka, basi inaondoka."

Akiwa hivyo hivyo, uso umefunikwa, akamtoa Lornah dirishani kwanza, kisha Odhiambo. Musembi, kichwa amekigeuzia pembeni, aliwapokea mmoja mmoja kwa kupapasa.