Kope ya Gubi

Soko la mitumba siku ya Jumamosi si mahali pa kupendana. Watu wanasukumana, wauzaji wanapiga makofi na kuita wateja, na kila nguo nzuri imeshikwa na mikono miwili inayovutana. Lakini mapenzi hayana adabu ya kuchagua mahali. Katikati ya msongamano ule alisimama msichana aliyevaa gauni la kijani lililofika magotini, miwani imemteleza hadi nchani mwa pua. Alikuwa ameinua kola ya koti la manyoya, anaipuliza. Anapuliza, anatazama, anapuliza tena.

"Dada, ukiendelea hivyo chawa wa watu watapata mafua."

Aligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamume mwembamba mwenye taulo sita nyeupe begani na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata. Kope ya jicho lake la kushoto ilikuwa imeshuka hadi katikati, kama vile jicho moja limeamka na lingine limeomba dakika tano zaidi.

"Natazama manyoya yanavyogawanyika yakipigwa na upepo," msichana alijibu bila haya. "Ndiyo kazi yangu."

"Kupuliza makoti?"

"Nachonga viumbe kwa kompyuta. Vile vidogo vya manyoya, vya kwenye michezo ya watoto. Wanyama ambao hawapo duniani."

"Kama hawapo, nani atajua umewakosea?"

"Wote watajua. Simba akichorwa vibaya, watu wanasema huyu ni simba mbaya. Asiyekuwepo akichorwa vibaya, hakuna anayemwamini."

Mwanamume alimtazama kwa jicho moja na nusu, akacheka. "Basi unapoteza pumzi bure. Hayo manyoya yamekufa zamani. Mimi ni kinyozi. Njoo kwangu nikuonyeshe vichwa vilivyo hai."

Wenzake hutongozwa kwa maua. Yeye alitongozwa kwa visogo, na akaenda.

Kinyozi yule wateja walimwita Nusu Usingizi, au Nusu tu, kwa sababu ya jicho lake. Alizaliwa nalo hivyo. Mtu hata hajakaa kwenye kiti anapiga kelele, "Nusu, amka unikate!" Naye hucheka, tena hucheka kabla yao. Msichana alikaa kwenye benchi la wateja siku mbili tatu na daftari lake la michoro, akagundua kwamba kile hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa kicheko cha kuwahi.

Aligundua na jambo la pili. Asubuhi kope ile ilikuwa nusu. Kadiri siku ilivyosonga nayo ilishuka, na ikifika saa kumi na moja jioni jicho limebaki mstari.

"Umechoka," alimwambia.

"Mimi? Hapana. Nani kasema nimechoka?"

"Jicho lako."

"Jicho hili msaliti. Usilisikilize."

"Nalisikiliza hilo hilo. Mdomo wako mwongo." Akamnyang'anya mashine ya kunyolea, akaizima, akamkalisha kwenye kiti cha wateja. Hapo ndipo kinyozi alipojua kwamba amepatikana.

Mwezi ule kinyozi alimfundisha mengi. Alimshika kidole, akakipitisha juu ya kisogo cha mteja mmoja mvumilivu. "Unaona hapa? Nywele zinazunguka kama maji yanayoingia shimoni. Kila kichwa kina shimo lake, na halikai katikati hata siku moja. Nimenyoa vichwa miaka kumi na mbili, Mama Manyoya. Sijakutana na mtu aliye sawa pande zote."

Mama Manyoya. Jina likamganda.

Siku kinyozi alipokwenda ofisini kwake mchana, kumpelekea mwavuli aliousahau, msichana alimkalisha mbele ya kompyuta. Kwenye skrini palikuwa na kiumbe mviringo, mwenye masikio mapana na mkia mnene, amefunikwa manyoya ya rangi ya udongo kutoka utosini hadi vidoleni. Alimpa jina la Gubi, kwa kuwa alionekana kama mtoto aliyejifunika shuka gubigubi.

"Mzuri," kinyozi alisema. "Ila amekaa kama karatasi iliyokunjwa katikati."

"Umeona, eh? Tunachonga upande mmoja tu. Kuna kibonyezo tunakiita kioo. Ukikiwasha, kompyuta inanakili upande wa pili vile vile. Baadaye unakizima, unaanza kumharibu kidogo kidogo, ndipo anapata uhai."

"Mharibu basi."

Alimharibu kwa wiki tatu. Alichana manyoya yake, unyoya baada ya unyoya, akayazungusha kisogoni, kushoto kidogo ya katikati. Sikio moja akalilegeza. Mwisho akashusha kope ya jicho la kushoto hadi nusu. Alipomwonyesha, kinyozi hakucheka. Alinyoosha kidole, akagusa skrini pale kwenye kope.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Ni wewe."

"Watoto watampenda hivi?"

"Mimi nampenda hivi. Hao watoto ni nani?"

Kesho yake kinyozi alitangaza kwa kila aliyekaa kwenye kiti chake. Siku Gubi atakapozinduliwa kwenye televisheni, njooni wote mnione. Miaka yote nilikuwa kichekesho, sasa nimekuwa umbo. Aliazima televisheni kubwa ya shemeji yake na kuitundika ukutani, wiki nzima kabla ya siku yenyewe.

Bosi wa msichana alikuwa mama mwenye sauti laini na kucha ndefu. Alimtazama Gubi akizunguka kwenye skrini, akatikisa kichwa.

"Kazi nzuri, dada. Ila hilo jicho. Mzazi ataona mnyama mgonjwa. Washa kioo."

"Bosi, hilo jicho ndilo linampa uhai."

"Uhai tutauweka kwenye mkia. Washa."

Ningependa kusema alikataa. Hakukataa. Kibonyezo kimoja, kidole kimoja, na kope ikapanda. Gubi akabaki na macho mawili mviringo, yaliyo sawa kama vifungo vya koti. Uzinduzi ulikuwa baada ya siku tisa, na kila siku kati ya hizo alijiambia, kesho nitamweleza. Alikwenda kinyozini, akaiona ile televisheni ukutani, akanywa chai yake, akanyamaza. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, na yeye methali hiyo aliijua tangu darasa la tatu.

Jumamosi ya uzinduzi alikuwa ukumbini na wenzake. Kinyozi alivaa shati jipya la rangi ya damu ya mzee. Duka lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya meza ya sabuni. Saa sita mchana Gubi akatokea, akaruka, akapepesa macho yake mawili mazima.

Halafu mteja mmoja akasema, "Nusu, mbona wamekutibu?"

Duka zima likaangua kicheko. Kwa mara ya kwanza hakuwahi. Alicheka baada yao.

Simu ya msichana iliita kabla makofi ya ukumbini hayajaisha.

"Nimemwona," kinyozi alisema.

"Mpenzi, nilitaka kukwambia..."

"Amependeza. Macho yote mazima."

"Si mimi, ni bosi. Alisema wazazi wataona..."

"Nani alibonyeza?"

Msichana alikitazama kidole chake.

"Nakuuliza, Mama Manyoya. Kidole kilikuwa cha nani?"

"Changu."

"Sawa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Unajua, wameniita Nusu tangu nasoma. Sikuumia sana, kwa sababu hawajawahi kunitazama. Wewe ulinitazama. Unyoya kwa unyoya. Ulinitazama ukamaliza, halafu ukanirekebisha."

Akakata.

Msichana alipiga simu siku hiyo mara kumi na saba. Jumapili alipiga mpaka simu ikawa imezimwa. Alilia chooni, alilia jikoni, alilia ameshika sufuria iliyokuwa safi tayari akiiosha tena. Jumatatu asubuhi aliingia kwa bosi, akiwa amevaa lile gauni la kijani bila hata kulipiga pasi.

"Nirudishie kope, bosi. Au naondoka."

"Mlango haujafungwa, dada," bosi alijibu kwa ile sauti yake laini.

Akaondoka. Jioni ile alikwenda duka la kuchapisha na mchoro wa Gubi wa kwanza, yule mwenye kope nusu, akauchapisha kwenye karatasi nene. Usiku haukupita upesi. Jumanne asubuhi alifika kinyozini na karatasi ile kifuani. Mlango ulikuwa na kufuli na kikaratasi: *Nimefunga siku tatu. Samahanini.*

Alikuwa bado anakisoma simu ilipoita. Alikuwa mama yake kinyozi.

"Mwanangu, ni wewe uliyemwambia akakatwe jicho?"

"Akakatwe nini, mama?"

"Yuko hospitali. Anatengenezwa kope. Anasema anataka kufanana na mnyama wa kwenye kompyuta. Mimi mtu mzima, nimjibu nini?" Sauti ya mama ilikatika, ikarudi. "Nilimzaa akinikonyeza. Nesi alisema, mama, mtoto wako anakukonyeza. Nilicheka mpaka uchungu ukaniisha. Mimi sikuona kilema, mwanangu."

"Mama, mwambie asubiri! Mwambie nakuja!"

"Wameshamwingiza. Nimebaki na viatu vyake."

Alikimbia. Kandambili ilimkatika njiani, akaiacha. Alipofika alimkuta mama kwenye benchi la korido, viatu vyeusi viwili mapajani, amevishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Alingoja atukanwe. Mama akamtazama miguu, mmoja una kandambili na mwingine hauna, akasogea kidogo ampe nafasi. Wakakaa.

Bandeji ilifunguliwa siku ya tatu. Jicho lilikuwa wazi, pana, linang'aa, sawa kabisa na lile la kulia. Daktari alisogea karibu.

"Haya, fumba macho."

Jicho la kulia likafumba.

"Fumba yote mawili."

"Nimefumba," kinyozi alisema.

Lile la kushoto lilikuwa linawatazama wote. Mama akaziba mdomo kwa khanga. Daktari alieleza polepole. Kope imevutika juu kuliko walivyopima. Huenda italegea baada ya miezi, huenda isilegee. Dawa ya matone kila baada ya saa nne, na akilala lifunikwe, lisikauke. Akaandika, akatoka.

"Mama Manyoya," kinyozi aliita. "Nimefanana naye?"

Msichana alifungua ile karatasi nene, ambayo sasa ilikuwa na alama za vidole na jasho, akamwekea mapajani. Kinyozi akamtazama Gubi wa kope nusu kwa muda mrefu.

"Huyu umemchora lini?"

"Ndiye wa kwanza. Wa kabla ya kioo. Nimeacha kazi kwa ajili yake." Machozi yakamshinda. "Ndiye ninayempenda. Nilikuwa nakuja kukwambia."

Maneno mazuri hayo. Yalikuja kama mwavuli unaoletwa mtu akishalowa.

"Ungeniambia zile siku tisa," kinyozi alisema.

"Niliogopa."

"Na mimi niliogopa. Niliogopa siku utakapochoka kunitazama. Nikasema bora nikuwahi." Alijaribu kucheka, kope ikamuuma. "Tazama sasa. Tumeogopa wote, na aliyekatwa ni mmoja."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Tatizo si hilo." Aliikunja karatasi vizuri, akaiweka chini ya mto. "Mama ameshazeeka. Nani atanifunika jicho nikilala?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Sitaki huruma."

"Mimi pia sina. Nina deni la kope moja."

Mama yake akajifanya anafuta vumbi kwenye viatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa posa yao. Wajomba walikuja baadaye na mambo yao, lakini kilichoamuliwa kiliamuliwa pale, kwenye kitanda cha chuma, bila mtu kutabasamu.

Miezi sita imepita, na kope haijalegea. Wateja hawamwiti Nusu tena. Mmoja alianza kumwita Kamili, wengine wakafuata, naye hucheka, tena hucheka kabla yao. Gubi amependwa sana. Watoto wanaokuja kunyolewa wana picha yake kwenye mabegi, macho yake mawili mviringo yanamtazama kinyozi akifanya kazi. Yule wa kwanza amebandikwa nyuma ya mlango wa chumbani, mahali ambapo wageni hawafiki.

Mkewe hupita dukani kila siku saa kumi na moja jioni na kichupa cha matone. Jana alimkuta amesimama tangu asubuhi, mashine mkononi, mabega yameinama, na watu watatu bado kwenye benchi.

"Umechoka, mume wangu?"

"Mimi? Hapana."

Akamwinua kidevu, akalitazama lile jicho lililokuwa likimsuta kila jioni. Lilikuwa wazi, linang'aa, nalo likakubaliana na mdomo wake mwongo.